Kishikwambi cha Wodini: Nilichojifunza Nikiwa Nimelala Chali Songea

Wiki ya tatu ya TP, bodaboda niliyopanda kutoka Msamala kwenda shuleni ilikwepa mbwa, ikateleza kwenye changarawe, nikaangukia upande wa kulia. Mfupa wa paja ukavunjika. Ilikuwa Julai mwaka jana, na wanaoijua Songea wanaijua Julai yake, baridi ya asubuhi inang'ata masikio. Daktari akaniambia mguu utafungwa uzito ili uvutwe, nitalala chali muda wote, na nihesabu wiki sita hadi nane. Mimi nilikuwa nahesabu kitu kingine. Mwishoni mwa Septemba nilikuwa na sap ya Upimaji na Tathmini. Nikiikosa, au nikiifanya bila kusoma, mwaka wa tatu naanza na mzigo kichwani, kama nitauanza.

Tangu nirudi chuoni na magongo yangu nimeulizwa swali moja na watu tofauti. Kuna rafiki mwenye selimundu ambaye kila semesta lazima alazwe. Kuna mwingine anayesubiri upasuaji, na kaka mmoja wa mwaka wa kwanza anayemuuguza baba yake kila likizo. Wote wanauliza: ninunue kitu gani kidogo cha kwenda nacho hospitali, niendelee kusoma? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika hapa.

Nianze na kosa langu. Siku ya tatu nilimwomba mama, aliyekuwa amekuja kuniuguza, aniletee laptopu yangu kutoka chumba nilichopanga. Ni ile ya kioo cha inchi 15, karibu kilo mbili, betri inakaa dakika arobaini ikijitahidi. Kiswahili sanifu tunaiita kompyuta mpakato, na jina hilo lina maana yake: kupakata ni kuweka kitu mapajani, kama unavyopakata mtoto. Sasa mtu ambaye paja moja limevunjika na analala chali atapakata wapi? Niliiweka tumboni. Ikawa moto. Nikiinua kichwa kuona kioo, shingo inauma. Nikilaza kichwa, naona dari. Mkono wa kulia ulikuwa na kanula, kila nikikunja kiganja dripu inasimama na nesi anakuja. Siku ya tano, mama alikuwa ananinywesha uji, mimi naikodolea macho laptopu, kikombe kikagonga ukingo wa kioo. Uji wa ulezi wote ukaingia kwenye kibodi. Fundi aliniambia baadaye kwamba uji ni mbaya kuliko maji kwa sababu una sukari na unaganda ndani.

Basi nikawa sina kitu, na hapo ndipo nilipoanza kufikiri sawasawa. Sisi tunanunua kompyuta kwa kuuliza RAM ngapi, prosesa gani, diski kiasi gani. Kitandani maswali hayo yanarudi nyuma. La kwanza ni: mkono upi uko huru, na unaweza kuinua nini kwa muda gani? La pili: soketi iko wapi, na ni ya nani? La tatu: ukilala usingizi wa dawa, kitu hicho kitakuwa wapi?

Kuhusu mkono, kuna jaribio unaweza kulifanya leo bwenini. Lala chali, shika pakiti ya sukari ya nusu kilo kwa mkono mmoja, iinue juu ya uso kama unasoma. Hesabu dakika. Mimi nilifika nne, ikanidondokea puani. Nusu kilo ndiyo uzito wa vishikwambi vikubwa: Samsung Galaxy Tab A9+ ya inchi 11 ina gramu 480, iPad ya kizazi cha tisa iliyotoka 2021 ina gramu 487, na hapo hujaweka kava. Tab A9 ndogo, ya inchi 8.7, ina gramu 332. Tofauti ya gramu 150 ukiwa darasani ni upuuzi. Ukiwa chali na kanula mkononi, ndiyo tofauti ya kusoma kurasa tano na kusoma kurasa ishirini.

Wapo watakaosema kioo cha inchi nane ni kidogo kwa PDF za wahadhiri wetu, hasa zile zilizopigwa picha kutoka kitabu cha zamani na kila ukurasa una safu mbili. Ni kweli. Dawa yake ni kukilaza kishikwambi upande, usome nusu ya ukurasa kwa wakati mmoja. Inachosha kidogo, lakini macho huzoea haraka kuliko mkono. Kama wewe unaweza kuketi, yaani umelazwa kwa malaria kali au umefanyiwa upasuaji wa mkono, na una meza ile ya magurudumu inayopita juu ya kitanda, chukua kikubwa. Mimi nazungumzia walio chali.

Wazo la kishikwambi lenyewe lilitoka kwa mwalimu wangu msimamizi pale shuleni. Alikuja kunijulia hali Jumamosi, akakitoa mkobani ili kunionyesha maswali ambayo kidato cha pili walikuwa wamejibu baada ya kuondoka kwangu. Mnakumbuka Sensa ya Agosti 2022, makarani walipita nyumbani na vishikwambi. Baada ya sensa serikali iliwagawia walimu vile vifaa, na ndiyo maana leo ukienda TP karibu kila ofisi ya walimu utavikuta. Nikamwangalia kwa macho ya kuomba. Akacheka. "Mwanangu, hiki ni cha serikali, kikipotea nakatwa mshahara. Lakini jaribu kukishika." Nikakishika kwa mkono wa kushoto, nikakiegemeza kwenye mto, nikasoma majibu ya watoto wangu kwa dakika kumi bila shingo kuuma. Nikajua.

Sasa umeme. Songea ya sasa si ile ya majenereta ya dizeli. Tangu 2018 tumeunganishwa na gridi ya taifa kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Tatizo la wodini si gridi, ni soketi. Iliyokuwa karibu na kitanda changu ilikuwa ya mashine ya oksijeni, na nesi alinieleza kwa upole mara moja tu kwamba haiguswi. Alikuwa sahihi kabisa. Ekstensheni za kupita sakafuni haziruhusiwi, watu wanajikwaa, maji yanamwagika. Kwa hiyo chukulia kwamba huna soketi. Una pawabenki ambayo anayekuuguza ataenda kuichaji nje.

Hapa kuna hesabu ambayo wauzaji hawakwambii. Pawabenki iliyoandikwa mAh 10,000 imehesabiwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, kwa hiyo nishati yake ni kama Wh 37. Inapobadilisha umeme kwenda volti 5 za USB, sehemu inapotea kama joto, chukulia theluthi. Unabaki na Wh 25 hivi. Betri ya Tab A9 ni mAh 5,100, takriban Wh 19 au 20. Ina maana pawabenki hiyo inakijaza mara moja na robo. Kwangu mimi hiyo ilikuwa siku mbili za kusoma, mwanga wa kioo ukiwa chini. Laptopu ya kawaida ina betri ya Wh 45 hivi na inataka chaja ya wati 45 au 65. Pawabenki za kawaida za volti 5 haiwezi kuzichaji hata ikitaka, hata kama tundu la USB linafanana. Kuna pawabenki zinazoweza, ila bei yake na uzito wake vinaturudisha kule kule tulikokimbia.

Na usichaji chini ya mto. Najua wengi tunafanya hivyo ili kisiibwe. Betri ya lithiamu inataka hewa, na wewe una mguu uliofungwa mawe, huwezi kuruka kitandani.

Hilo linanileta kwenye usalama, na hapa mwalimu wangu alikuwa mama. Usiku wa kwanza wa kishikwambi nilitaka kukiweka chini ya shuka. Mama akakichukua, akakifunga kwenye pindo la kanga, kanga akaizungusha kiunoni, akalala kwenye mkeka chini ya kitanda changu. "Atakayekitaka aniamshe kwanza." Tangu siku hiyo nina kipimo kimoja kwa yeyote anayeniuliza: je, kitu hicho kinaingia kwenye kanga ya anayekuuguza bila kumzuia kulala? Inchi 8.7 inaingia. Inchi 11 inasumbua. Laptopu ndogo haiingii, mpende msipende.

Kununua kulikuwa na vituko vyake. Nilitafutiwa Songea mjini, bei zikanishinda, mwisho binamu yangu akapata Tab A9 ya mtumba Kariakoo kwa shilingi 310,000, ikaja kwa basi, safari ya zaidi ya kilomita 900. Kwa boom la 10,000 kwa siku, hicho ni chakula cha mwezi mzima, na ukweli ni kwamba hela ilikuwa ya mama ya mahindi. Kwa hiyo nilimsumbua binamu kwa simu kabla hajalipa, nanyi wasumbueni watu wenu. Kama kifaa kina nafasi ya laini, kina namba ya IMEI. Ipate kwa *#06# au kwenye mipangilio, itume kwa ujumbe kwenda 15090, mfumo wa TCRA unakujibu ni kifaa cha aina gani. Jibu lisipofanana na ulichoshika mkononi, rudisha. Simu bandia zilizimwa nchini usiku wa Juni 16, 2016, na hakuna sababu ya kishikwambi bandia kukuzimikia wodini.

Halafu kuna vile vya bei chee vilivyoandikwa GB 512 kwenye boksi. Kifaa kinaonyesha 512 kwenye mipangilio kwa sababu programu imedanganywa. Ndani mna 16 au 32. Mwambie anayekununulia anakili video chache kubwa, azifungue moja moja. Zikigoma kufunguka, jibu unalo. iPad ya mtumba ni nzuri sana, inadumu, ila kama mwenye kwanza hakutoka kwenye akaunti yake, Apple wanaifunga na wewe umenunua kioo cha kujitazamia. Chromebook ndogo zinazotoka shule za nje nazo zina mtego wa namna hiyo: nyingine bado zimesajiliwa kwa shule ilikotoka, ukiiwasha inakuomba nywila ya mwalimu wa huko.

Kwa wanaoweza kuketi na wanaoandika tasnifu, laptopu ndogo za mtumba za inchi 12.5, kama HP EliteBook 820 au ThinkPad za mfululizo wa X, zina kilo moja na robo hivi na zimetengenezwa imara. Angalieni umri tu. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa mashine za Intel inataka, kwa sehemu kubwa, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Ya kizazi cha sita itafanya kazi, itaandika Word, lakini bei yake isiwe ya mashine mpya.

Mtandao niliutatua kwa hotspoti ya simu, kwa sababu kusajili laini mpya kunataka alama ya kidole, na mimi nilikuwa sitoki kitandani. Lakini usitegemee bando. Wodini mchana kuna mtandao wa kusuasua, usiku kuna mtandao lakini huna nguvu. Kilichoniokoa ni kupakua kila kitu siku moja. Rafiki yangu wa darasani alinitumia notsi zote za kozi, kurasa zaidi ya mia na arobaini, pamoja na mitihani ya miaka iliyopita. Kwenye kadi ya memori niliweka Wikipedia ya Kiswahili yote kupitia Kiwix, programu ambayo haihitaji intaneti baada ya kupakua. Vitabu vya shule vipo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu; nilivisoma kwa ajili ya TP ambayo, nisiwafiche, nilikuja kuambiwa nitairudia yote mwaka huu. Wiki tatu hazihesabiki. Kwa hilo hakuna kishikwambi kinachosaidia.

Jambo la kiutawala kabla sijasahau. Siku mbili za kwanza ndugu yako apeleke taarifa chuoni kwa maandishi, na barua ya daktari ifuate. Ukikosa mtihani kwa ugonjwa wenye ushahidi unaweza kuombewa mtihani maalum. Ukikosa kimya kimya, unahesabiwa hukutokea.

Kuandika ndiko kulikonishinda kwa muda. Nilinunua kibodi ndogo ya Bluetooth, ikawa kosa la pili, maana kibodi inataka mikono miwili na mahali pa kuiweka. Nikagundua kuandika kwa sauti. Kibodi ya Google inaelewa Kiswahili tangu 2017. Unabonyeza alama ya maikrofoni, unaongea, maneno yanatokea. Inakosea majina ya watu na inapenda kuunganisha sentensi, ila kwa kutengeneza muhtasari wa notsi ilinitosha. Nilikuwa nasoma ukurasa kwa Kiingereza, nafunga macho, naueleza kwa Kiswahili kana kwamba nafundisha. Bibi wa kitanda cha jirani, aliyevunjika nyonga, siku moja akaniambia: "Madam, hiyo uhalali na uaminifu wa mtihani nimeshaielewa, endelea na nyingine." Sikuwa nimejua kwamba anasikiliza. Kuanzia hapo nikawa namfundisha yeye rasmi, na maswali yake yalikuwa magumu kuliko ya mhadhiri. Aliniuliza kama kipimo cha sukari cha pale wodini kinampa majibu yale yale akipimwa mara mbili, na yakiwa yale yale, je, ndiyo ukweli? Swali hilo lilitoka kwenye mtihani, kwa maneno mengine.

Lakini si kila mgonjwa anataka darasa. Tumia hedifoni ukisikiliza, za waya ni bora kwa kuwa hazihitaji kuchajiwa, na Tab A9 bado ina tundu lake. Na kamera ifunike. Dada mmoja wa upande wa pili alilia siku moja akidhani nimempiga picha akibadilishwa bandeji. Nilikuwa nasoma tu, lakini nikiinua kifaa juu ya uso, kamera ya nyuma inamwelekea yeye. Nilibandika kipande cha plasta. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa za afya ni miongoni mwa zinazolindwa zaidi, ila hata bila sheria mtu aliyevuliwa nguo ana haki ya kutoonwa na kioo cha mtu.

Usafi: kioo kinaguswa na mikono iliyogusa kila kitu. Fifisha kifaa, lowanisha kitambaa laini kwa spiriti ya asilimia 70, futa, acha kikauke. JIK hapana, inaharibu kioo na rangi. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo kifuani aepuke kulaza kishikwambi chenye kava la sumaku juu ya kifua.

Nimalizie na wale wasiopaswa kununua chochote. Kama unalazwa siku tatu au nne, simu yako inatosha. Weka notsi ndani, nunua pawabenki, basi. Kama una homa kali au unatumia dawa nzito za maumivu, wiki ya kwanza hutasoma, na kujilazimisha ni kujitafutia hasira. Mimi wiki mbili za mwanzo sikuelewa hata kichwa cha habari. Na kama hela inayotaka kununua kishikwambi ndiyo hela ya dawa au ya nauli ya anayekuuguza, mpigie kiongozi wa darasa lako kwanza. Kwetu walichanga, wakanitumia bando na notsi, na mmoja alinisomea sura nzima kwa ujumbe wa sauti, anakohoa katikati.

Sap niliifanya na magongo, chumba cha chini, nikapata C. Kishikwambi sasa kiko Songea kwa mama, anasikilizia kwaya na ananipigia kwa video akiwa ameelekeza kamera kwenye paji la uso. Kibodi ya Bluetooth bado ninayo, haijatumika hata siku nne. Anayeihitaji aje bweni letu ghorofa ya chini, bei tutaelewana.